Afande Bati alivyokaribia kumkosesha mdogo wangu mke kule Koboko

Wakuu, habari za mchana.

Posa ya mdogo wangu ilisimamishwa mimi nikiwa nimekaa hapo hapo mkekani, kwa sababu ya roboti wa kwenye series. Mtu wa chuma ambaye hajawahi kukanyaga Koboko, wala dunia hii kwa ujumla.

Najua wapo watakaosema hii ni chai. Chai ilikuwepo kweli, ya tangawizi, na niliinywa. Mengine yote niliyaona kwa macho yangu, na pale nilipohadithiwa nitasema nimehadithiwa. Majina ya watu nimebadilisha. La roboti nimeliacha.

Turudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jirani na Koboko. Ni Mnubi. Kwa wasiotujua, sisi ni Waislamu wa mjini ambao mababu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudan wakabaki. Nyumbani tunaongea Kinubi, sokoni tunaongea Kiswahili cha kwetu, kile ambacho mtu wa pwani akikisikia anashika kichwa.

Tulipokuwa wadogo burudani yetu ilikuwa banda la video. Mabenchi ya mbao, magunia madirishani kuzuia mwanga, na pembeni ya TV anakaa VJ na maikrofoni yake. VJ ndiye anayewatafsiria picha. Mzungu anaongea, VJ anashusha sauti ya mashine, anawaambia kasema nini. Kama kachelewa, banda zima linapiga kelele: "VJ, umelala?"

Basi kulikuwa na series moja ya anga za juu. Watu wamekimbia dunia yao iliyokauka, wako ndani ya meli kubwa wanatafuta pa kuishi. Lugha yake hakuna aliyeijua. Mlinzi wa ile meli alikuwa mtu wa chuma, uso bapa kama sinia, taa ndogo ya kijani kifuani. Sisi tulimwita Afande Bati.

Wakuu, tulimpenda Bati kuliko binadamu wote wa mle ndani.

VJ wetu wa Arua, marehemu sasa, tulimwita Dodo. Bati wa Dodo alikuwa na maneno mengi. Analalamika njaa wakati hata chakula hali. Adui akimwelekezea bunduki, Bati anamuuliza hiyo bunduki kainunua wapi, mbona kapigwa bei.

Kilele kilikuwa mlangoni. Meli inawaka moto, watu wanakimbilia chombo kidogo cha kuokoa maisha, lazima mmoja abaki kushikilia mlango. Bati anaushikilia. Mtoto mmoja wa kike anamgeukia, analia. Na Bati, kwa sauti ya Dodo, anamwambia: "Tangulieni. Mimi nasubiri chenji yangu."

Banda lilikuwa linacheka huku linalia. Mpaka leo Arua mtu akikataa kuondoka mahali anasema anasubiri chenji yake.

Miaka ikapita. Mabanda mengi yakafungwa, watu wakahamia kwenye simu.

Halafu juzi juzi series ikarudi. Toleo jipya, wenyewe wanaita reboot. Picha safi, waigizaji wapya, maandishi ya Kiingereza chini. Vijana wakaisambaza kwa flash kutoka Arua hadi Koboko, na mashabiki wa miji yote miwili wakafungua group la WhatsApp. Nami nikaingizwa.

Tulipoangalia sehemu ya kwanza tu, kelele zikaanza.

Bati haongei!

Anasimama. Anatembea. Taa inawaka, inafifia. Neno, hakuna.

Group likawa moto. Wamemfunga mdomo. Wamemuua akiwa hai. Jamaa mmoja wa Arua aliandika kwamba huyu si Bati, hii ni friji iliyofundishwa kutembea. Nilicheka nikiwa kwenye foleni ya benki, askari akanikazia macho.

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo sikulitegemea. Watu wa Koboko nao walikuwa wamekasirika, lakini si kwa sababu zetu. Sisi tulisema wameondoa utani wake. Wao wakasema: utani gani? Bati ni mtu wa heshima, hajawahi kutania!

Kumbe Koboko walikuwa na VJ wao, na Bati wao hakuwahi kucheka. Alikuwa afande kweli kweli. Na pale mlangoni, Bati wa Koboko hakusema habari ya chenji. Alisema: "Watu yangu yote iko ndani? Basi mimi iko hapa."

Mnaona ugomvi ulivyokaa? Miji miwili, barabara moja ya lami, roboti wawili.

Matusi ya utani yakaruka wiki nzima. Koboko walisema Bati wa Arua ni mchuuzi wa karanga aliyevaa sufuria. Mdogo wangu Swadiki, fundi wa simu, mdomo wake hauna breki, akajibu hivi, na naomba myakumbuke maneno haya: "Bati wa Koboko ni babu mstaafu anayefokea wajukuu. Huyo hata mimi ningemwacha mlangoni."

Arua tulimshangilia.

Mtu mmoja tu hakushangilia upande wowote. Binti wa Koboko, mwalimu wa chekechea, Zubeda. Aliandika kwamba toleo jipya limemtendea Bati haki. Akatuambia tuache kungoja maneno, tutazame taa. Mtoto akilala, taa inafifia. Mtoto akiumia, taa inapepesa haraka. "Anaongea muda wote," aliandika. "Nyinyi mmezoea kusikia, hamjazoea kutazama."

Swadiki akambishia. Wakabishana kwenye group mpaka msimamizi akawaomba waende inbox.

Wakaenda inbox. Hawakurudi.

Baada ya miezi kadhaa Swadiki ananijia na uso wa adabu ambao sijawahi kuuona kwake. Anataka kuoa. Nani? Zubeda. Nikamuuliza, yule wa taa? Akasema yule wa taa.

Halafu akaniambia lililobaki. Baba yake Zubeda, Mzee Abdalla, ndiye aliyekuwa VJ wa Koboko.

Sasa, wakuu, kwetu kijana haendi kuposa mwenyewe. Wazee wanakwenda, mmoja anakuwa msemaji, na kijana anakaa kimya kama mgonjwa. Msemaji wetu akawa Ami Khamisi, ndugu mdogo wa marehemu baba. Ni mtu wa maneno matamu, hakuna posa aliyoisimamia ikaanguka. Tatizo ni kwamba Ami ndiye aliyekuwa anashika mlango wa banda la Dodo. Dodo alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Zubeda alituma onyo kupitia Swadiki: "Ongeeni mvua. Ongeeni muhogo. Msiongee Bati."

Ami akaapa.

Tulifika Koboko baada ya swala ya adhuhuri, gari la kukodi, shangazi wawili nyuma na mabakuli yao. Mzee Abdalla alitupokea vizuri. Mrefu, kanzu nyeupe, na sauti, jamani, sauti ile ukimsikia anaomba sukari unataka kusimama wima. Pembeni yake alikaa jirani yake wa siku nyingi, Papa Dieudonné, Mkongo muuza vitenge, ambaye kaalikwa kama shahidi. Wanawake wa nyumba ile walikuwa chumba cha ndani, pazia tu katikati, ila shangazi zetu walikaa nyuma ya Ami. Ikaletwa chai na mikate ya gurusa, ile myembamba kama kitambaa.

Ami akaongea mvua. Akaongea muhogo. Alivyoongea muhogo nilitamani kwenda kulima.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mzee Abdalla alipofuta vidole vyake, akatoa simu kwenye mfuko wa kanzu, akavaa miwani.

"Kabla ya kufika mbele," akasema, "mimi iko na swali moja kwa kijana. Hii maneno, ni wewe iliandika?"

Akasoma. Polepole, kwa ile sauti. "Bati wa Koboko ni babu mstaafu anayefokea wajukuu. Huyo hata mimi ningemwacha mlangoni."

Mtu wa group alikuwa amepiga picha ile meseji akamtumia. Mpaka leo hatujamjua.

Swadiki aligeuka rangi ya gurusa. Ami akarukia haraka: "Mzee wangu, hiyo ni mchezo ya watoto. Nani atashika maneno ya simu?"

"Mimi nashika."

"Basi tumekosa. Lakini Mzee, haki ya Mungu, Bati ni mtu ya kuchekesha. Hata Dodo…"

Shangazi mkubwa alimfinya. Alichelewa.

"Dodo!" Mzee Abdalla akavua miwani. "Dodo ilifanya Bati kuwa mlevi ya sokoni. Mutoto iko nalia, moto iko nakuja, na yeye nasema chenji? Chenji ya nini? Alinunua nini?"

"Ndiyo utamu yake!" Ami naye akapanda. "Yule mutoto iko naogopa. Bati anataka acheke kidogo kabla ya kwenda. Dodo alijua watu. Wewe ulimpa Bati hotuba!"

Jamani. Msemaji wa posa anamwambia baba wa binti kwamba ametoa hotuba.

Mzee Abdalla aliinuka. Hakupiga kelele. "Chai mumekunywa. Mutu ambaye naweza kuacha mwenzake mlangoni, mimi siwezi kumpa mtoto yangu. Mwende salama."

Nilimtazama Swadiki. Nimemwona mdogo wangu akifeli mtihani, nimemwona akianguka na pikipiki. Sijawahi kumwona hivi. Alikuwa anatazama pazia.

Shangazi wakaanza kukusanya mabakuli. Nikatafuta viatu.

Na ndipo Papa Dieudonné, ambaye alikuwa bado anatafuna, akasema taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Lakini ule mutu ya chuma, hakusemaka."

Tukamgeukia wote.

"Kwetu kule Congo tuliionaka kwa televizyo, walitia Kifaransa. Batu bote banasema. Ule wa chuma, hapana. Hakusema hata siku moja. Mimi nilikuwa najiuliza, hawa banagombana sababu ya maneno gani?"

Nikaviacha viatu pale pale.

Ami akacheka cheko la kukataa. "Papa, wewe umesahau."

"Sijasahau. Hana kinywa. Atasemea wapi?"

Wakuu, ni kweli. Uso bapa kama sinia. Tulikuwa tumemtazama miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kujiuliza.

Macho yote yakahamia kwa Mzee Abdalla. Yeye ndiye pekee mle ndani aliyewahi kukaa na ile mashine, mkono kwenye kitufe cha sauti.

Alikaa tena. Akachukua kikombe, akakikuta kitupu, akakirudisha.

"Alikuwa anasimama tu," akasema. "Dakika nzima, anasimama. Na banda napiga kelele: VJ, anasema nini? VJ, umelala? Ningefanya nini? Nikampa maneno."

"Uliyatoa wapi?" Ami aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nyumbani."

Akatusimulia. Marehemu baba yake alikuwa askari wa zamani. Kila jioni alisimama mlangoni mwa nyumba, akawahesabu watoto wakiingia mmoja mmoja, kisha akauliza mle ndani: watu yangu yote iko ndani? Wakiitikia, anasema, basi mimi iko hapa, anavuta kiti chake na kukaa kizingitini. Nyakati zile za vita hazikuwa nzuri, wengine mnajua historia ya huku. Wao walilala kwa sababu ya ile sentensi.

"Kwa hiyo mimi nilipoona yule mutu ya chuma kwenye mlango," akasema, "sikutafuta maneno. Yalikuja."

Babu mstaafu anayefokea wajukuu. Kila mtu mle ndani aliikumbuka meseji ile kwa wakati mmoja, niliona kwenye nyuso.

Swadiki alivunja desturi. Alipiga magoti mkekani, akasema: "Mzee, nilimcheka Bati. Sikujua nimemcheka baba yako. Ningejua, nisingeandika hata herufi."

 Mzee alitazama mlango wake mwenyewe, ule wa nje, ambapo viatu vyetu vilikuwa vimepangwa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba, ile ya chenji ulicheka. Nilikusikia bafuni."

Zubeda.

"Zubeda!" mama yake akamkemea huko ndani.

"Si nilisikia? Alikuwa anaoga, anasema 'nasubiri chenji yangu', anacheka peke yake. Wiki ile yote ya kugombana kwenye group."

Mzee Abdalla alijaribu kukaza uso. Nawaambia alijaribu. Mdomo ukaanza kumsaliti upande mmoja, halafu mabega, halafu akaangua kicheko kikubwa hadi kofia ikaanguka. Ami akacheka. Papa Dieudonné akacheka bila kujua vizuri anacheka nini. Shangazi wakarudisha mabakuli chini.

"Dodo," Mzee alisema akifuta macho, "ilikuwa mwizi ya kicheko. Mungu amrehemu."

"Amina," Ami akasema, na nikaona yeye hafuti machozi ya kicheko. Kumbe kwake ile sauti ya Bati ilikuwa ni rafiki yake, basi. Ndiyo maana alipanda vile.

Zubeda hakuishia hapo. Alipitisha simu yake chini ya pazia, ndani yake toleo jipya, sehemu ile ya mwanzo ambapo Bati amesimama kwenye lango la meli akipokea wakimbizi. Akasema, wazee wangu, si hasemi? Msemeeni.

Simu ikaegemezwa kwenye birika. Tukajipanga kama zamani, mimi na Swadiki mbele kabisa, vichwa vinagongana.

Mzee akaanza, sauti ile: "Karibuni. Ingieni polepole. Hapa hakuna mutu atawafukuza."

Ami akadakia, kwa sauti ya Dodo kabisa, nywele zilinisimama: "Lakini viatu muvue, nimetoka kupiga deki sasa hivi."

"Mama, mupe mimi huo mzigo."

"Uzito gani huu? Mama, umebeba kaka yako?"

Hawakupangana. Mmoja anatoa heshima, mwingine anatoa mzaha, na taa ya Bati inawaka na kufifia, kana kwamba yote mawili yanatoka humo humo kifuani. Nyuma ya pazia vigelegele. Watoto wa jirani walijaa dirishani. Mimi nilisahau kabisa kwamba tulikuja kuposa.

Mzee hakusahau. Picha ilipoisha alimwita Swadiki akae karibu yake. Alimuuliza swali moja tu: "Mulango utashika?"

"Nitashika, Mzee."

"Na ukicheka?"

"Nitacheka nikiwa nimeshika."

Posa ikapokelewa. Harusi ipo baada ya mfungo, Mungu akipenda.

Sasa mafunzo, maana najua mtauliza. Kwanza, kabla hujamtukana roboti, uliza ni baba wa nani. Pili, waliotengeneza toleo jipya tuliwatukana bure. Hawakumfunga Bati mdomo, walimrudisha alivyokuwa. Sisi ndio tulikuwa tumemvisha watu wetu. Nimeitazama upya yote nikifuata ushauri wa shemeji, natazama taa tu, na nakiri ni nzuri. Ila bado nikiwa peke yangu namwekea sauti ya Dodo kimoyomoyo. Siwezi kuacha.

Limebaki jambo moja, na ndilo limenileta humu.

Tulipokuwa tunaagana pale nje, nilimuuliza Mzee Abdalla: na kule mwisho, mlangoni, je? Alikuwa kimya hata pale?

 Akasema hajui. Pale alikuwa anaongea yeye, na sauti ya mashine alikuwa ameishusha mpaka chini. Kila alipoionyesha, aliishusha. Ami akasema Dodo naye hivyo hivyo. Tukamgeukia Papa Dieudonné, akainua mikono: sehemu ile ya mwisho umeme ulikatika kwao, hakuiona.

Kanda zenyewe zilivuka mpaka kwenda Sudan zamani sana, hazikurudi. Mtandaoni nimepata vipande vya mwanzo tu. Na hili toleo jipya, season ya kwanza imeishia kabla ya moto.

Kwa hiyo wakuu, kama yupo humu aliyeiona ile ya zamani mpaka mwisho, kwa lugha yoyote, sauti ikiwa wazi: pale mlangoni, mtoto alipomgeukia, yule mtu wa chuma alisema kitu au hakusema?

Andika hapo chini. Ila nakuomba jibu lako lisimfikie Mzee Abdalla. Yeye kasema hataki kujua. Zubeda kasema anataka kujua leo. Swadiki nilipomuuliza, alimtazama baba mkwe, akamtazama mchumba, na mpaka naandika hapa hajajibu.